Meli za mizimu: tuanze na mapipa tisa matupu

Leo naacha mihogo na mbolea pembeni, niongee kidogo juu ya meli. Najua mutu atauliza: agronomi na meli, wapi na wapi? Ngojeni. Meli ya mizimu inayojulikana kuliko zote duniani ilikuwa imebeba pombe ndani ya mapipa ya mbao, na mimi naona jibu la kitendawili chake liko karibu na depo kuliko na makaburi.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Watu wanaposema "meli ya mizimu" wanachanganya vitu viwili. Kuna meli inayoonekana lakini haiko. Na kuna meli iliyopo kweli, unaweza kuigusa, lakini hakuna mutu ndani. Ya kwanza ni mambo ya macho. Ya pili njo inaniumiza kichwa.

Ile ya kwanza nitaipita haraka. Mfano wake ni Mholanzi Arukaye, hadithi ya mabaharia wa zamani waliokuwa wanapita kule kusini mwa Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Wanasema kapiteni mmoja Mholanzi alikataliwa na dhoruba kuizunguka ile rasi, akaapa kwamba ataizunguka hata kama itamchukua mpaka siku ya hukumu. Bon, akachukuliwa neno lake. Tangu siku hiyo anazunguka tu, na anayemwona anapata bahati mbaya. Wagner aliifanya opera, ikaonyeshwa Dresden mwaka 1843. Vijana wa leo wanaijua kupitia filamu za Pirates of the Caribbean, ile meli ya Davy Jones. Hata mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa George wa Tano, alikuwa ndani ya meli HMS Bacchante mwezi wa Julai 1881 karibu na Australia wakati mabaharia waliposema wameiona ikipita usiku na mwanga mwekundu.

Sasa, wale waliosema wameiona meli imesimama hewani hawakuwa wote waongo. Kuna siku hewa ya baridi inalala chini, juu ya maji, na hewa ya joto inapanda juu yake. Mwanga ukipita hapo katikati unapinda. Meli iliyo mbali sana, hata ile iliyojificha nyuma ya upeo wa macho, inaonekana imeinuliwa, imerefuka, mara nyingine kichwa chini miguu juu. Sisi wa agronomi hali hiyo tunaijua vizuri: baridi chini, joto juu. Njo ile inayotukataza kupuliza dawa shambani asubuhi mapema bila kufikiri, juu matone yanabaki yameelea na kwenda kwa shamba la jirani. Kitu kilekile, huku kinatuharibia mboga, kule kinazaa hadithi ya miaka mia mbili.

Haya, twende kwa ile ya pili.

Mary Celeste ilikuwa meli ya mbao yenye milingoti miwili. Iliondoka New York tarehe 7 Novemba 1872 kwenda Genoa, Italia. Ndani walikuwa watu kumi: kapiteni Benjamin Briggs, mke wake Sarah, binti yao Sophia wa miaka miwili, na mabaharia saba. Mtoto wao wa kiume, Arthur, waliacha nyumbani kwa bibi yake juu ya masomo. Mzigo ulikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi ya kiwanda, ile iliyotiwa sumu makusudi ili mutu asiinywe.

Mwanzo wa Desemba, meli nyingine iitwayo Dei Gratia, nayo kutoka New York, ikaiona kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno. Ilikuwa inakwenda ovyo kama mlevi, matanga mengine yamepasuka. Kapiteni wa Dei Gratia, David Morehouse, alituma watu kwa mtumbwi wakaangalie. Walikuta nini? Hakuna mutu. Lakini pia hakuna vita, hakuna maiti, hakuna vitu vilivyoibwa. Nguo za mabaharia ziko, tumbako yao iko, chakula cha miezi kiko. Kilichokosekana ni mashua ndogo ya kuokolea watu, karatasi za meli na vyombo vya kapiteni vya kupimia njia. Ndani ya tumbo la meli kulikuwa na maji kama mita moja hivi, ambayo kwa meli ya ukubwa ule si kifo. Pampu moja ilikuwa imefunguliwa vipande. Ile fimbo ya kupimia maji ilikuwa imelala tu juu ya sakafu. Kamba moja nene ya tanga ilikuwa imekatika. Neno la mwisho kuandikwa lilikuwa la asubuhi ya tarehe 25 Novemba, meli ikiwa karibu na kisiwa cha Santa Maria.

Simameni hapa kidogo. Wengi wenu mumesikia kwamba walikuta chai bado ya moto mezani, mayai yamevunjwa, paka amelala kwa amani. Hakuna kitu cha namna hiyo katika ushahidi. Ile chai imepikwa na waandishi, miaka mingi nyuma ya tukio. Muiondoe kwanza kichwani, juu ukiacha chai ya moto pale mezani, hakuna maelezo ya kawaida yanayoweza kuingia. Chai ya moto inadai mizimu. Lakini meli iliyokutwa siku tisa au kumi baada ya maandishi ya mwisho, na mashua yake haiko, inasema kitu kilicho wazi kabisa: watu waliondoka kwa mashua. Swali moja tu linabaki, kwa nini?

Sasa tufungue depo. Genoa waliposhusha mzigo, walikuta mapipa tisa matupu. Tisa kati ya 1,701. Watu wa hadithi hawapendi kuongea juu ya mapipa hayo tisa, lakini mimi njo hapo naingilia.

Wanaosimulia mambo ya ile meli wanasema mapipa yale tisa yalikuwa ya mwaloni mwekundu, na mengine ya mwaloni mweupe. Kwa mutu wa kawaida, mwaloni ni mwaloni. Kwa mutu aliyesoma mimea, hapana. Ndani ya mti kuna mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Katika mwaloni mweupe, mti ukikomaa, ile mirija inajiziba yenyewe na vizibo vidogo. Katika mwaloni mwekundu inabaki wazi. Chukua kipande cha mwaloni mwekundu, tia upande mmoja ndani ya maji, puliza upande mwingine kwa kinywa: utaona mapovu, sawa vile unapuliza mrija wa soda. Njo sababu watu wa divai na wiski wanachagua mwaloni mweupe. Pipa la mwaloni mwekundu linaweza kushika ngano au misumari. Alkoholi itatoka.

Na ikitoka inakuwa mvuke. Novemba kule New York ni baridi. Meli ikashuka kuelekea Azores, ambako kuna joto zaidi. Mvuke wa alkoholi ni mzito kuliko hewa, unajaza tumbo la meli kuanzia chini, hauonekani. Mutu yeyote aliyekaribia mahali wanapopika lutuku au kanyanga anajua harufu ile, na anajua kwa nini mama mpishi anafukuza mwenye sigara. Sasa fikiria kapiteni Briggs, mwenye mke na mtoto wa miaka miwili ndani ya meli, chini ya miguu yao mapipa 1,701. Anasikia mlio chini, au anafungua mlango wa depo na ule mvuke unampiga usoni. Anafanya nini? Anaingiza watu wote ndani ya mashua, anaifunga kwa kamba nyuma ya meli, wanangoja hatari ipite. Halafu upepo unaamka. Kamba inakatika. Meli, ambayo bado ina matanga, inakwenda zake. Mashua haiwezi kuifuata.

Mwaka 2006 mwanakemia Andrea Sella wa University College London alijenga mfano wa lile depo, akatumia gazi ya butani na masanduku ya karatasi mahali pa mapipa, akawasha. Moto ulipiga kwa nguvu, mawimbi ya moto yakapita, na karatasi hazikuungua. Donc mlipuko unaweza kumtoa mutu roho kwa hofu bila kuacha alama nyeusi hata moja.

Kuna wasiokubali, na neno lao lina uzito: mlango mkubwa wa depo ulikutwa umefungwa, ni milango midogo tu iliyokuwa wazi. Hao wanaelekea kwenye pampu. Safari moja ya nyuma meli ilikuwa imebeba makaa ya mawe. Vumbi lake linaweza kuziba pampu, kapiteni akashindwa kujua maji yamefika wapi, akafikiri meli inazama. Ile fimbo iliyoachwa sakafuni inawapa nguvu. Mimi bado naegemea upande wa pombe, lakini muone kwamba njia zote mbili zinafika mahali pamoja: mutu mwenye akili timamu aliyeogopa kitu asichokiona, akaondoka kwa muda, akitegemea kurudi.

Kuogopa kitu kisichoonekana, sisi wa Kivu tusicheke. Upande wa Goma na Sake tuna neno letu, mazuku. Ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, ni nzito, inalala mabondeni na ndani ya mashimo. Asubuhi unakuta mbuzi wamelala, hakuna kidonda. Wazee waliita upepo mbaya unaoua usiku, na kwa kutazama walikuwa sawa kabisa: unatembea chini, unaua zaidi wakati hewa imetulia, na mutu mfupi au aliyelala anakufa kabla ya aliyesimama. Mabaya yanaanza pale mutu anapoacha kutazama ardhi na kuanza kutafuta nani amemloga mbuzi.

Gibraltar walifanya vilevile. Watu watatu wa Dei Gratia waliipeleka Mary Celeste mpaka kule, wakitegemea zawadi ambayo sheria ya bahari inampa mutu anayeokoa mali iliyoachwa. Badala ya asante wakamkuta prokireri mkuu, Frederick Solly-Flood, ambaye alikwisha kuamua kwamba kuna damu. Kwanza alisema mabaharia walikunywa mzigo, wakalewa, wakaua. Alkoholi yenye sumu! Mutu angekunywa ile, angekufa au angepofuka kabla ya kumaliza kumuua kapiteni. Halafu macho yake yakawageukia Morehouse na watu wake. Upanga uliokutwa ndani ya meli ulikuwa na madoa. Ukapimwa, haikuwa damu. Hakuna kosa lililothibitishwa. Lakini Aprili 1873 tribinali ilipotoa zawadi, ilikuwa kama pauni 1,700, sehemu moja ya tano tu ya thamani ya meli na mzigo, kidogo kuliko walivyotegemea. Yaani hawakuhukumiwa, lakini walikatwa. Na shaka iliwafuata maisha yote, watu ambao kosa lao lilikuwa kusimama na kuangalia kama kuna mutu wa kusaidia.

Miaka kumi na moja ilipita. Januari 1884 daktari mmoja kijana, bado hajajulikana, aliandika hadithi katika gazeti la Cornhill Magazine bila kutia jina lake. Alikuwa Arthur Conan Doyle, yule aliyekuja kumleta Sherlock Holmes. Aligeuza jina la meli likawa Marie Celeste, mpaka leo wengi wanaliandika hivyo. Akairudisha mashua mahali pake, na hapo jibu rahisi likafa: kama mashua iko, watu wamekwenda wapi? Na muuaji akamtoa wapi? Ni mtu mwenye damu ya Kiafrika, mwenye chuki kwa wazungu, anayeipeleka meli mpaka pwani ya Afrika ili alipize kisasi. Ndani ya orodha ya kweli ya wale watu kumi hakuna mutu wa namna hiyo. Sisemi Doyle asisomwe. Nasema tu kwamba mahali palipokuwa patupu, kalamu ilipoona lazima pawekwe mwenye kosa, ilituweka sisi. Na watu wengi waliisoma kama habari ya kweli.

Mwisho wa ile meli hausimuliwi sana, labda juu hauna mizimu. Januari 1885 kapiteni mwingine, Gilman Parker, aliipandisha kwenye miamba ya Rochelois karibu na Port-au-Prince, Haiti, mchana, makusudi. Mzigo ulikuwa takataka lakini ulikatiwa bima (asiransi, tuseme) ya dola 30,000. Wakapelekwa tribinali Boston. Baraza la waamuzi halikupatana, Parker akaachiwa, miezi mitatu mbele akafa. Meli ya mizimu maarufu kuliko zote iliuawa na karatasi ya bima.

Na karatasi njo mama wa meli nyingi za mizimu za leo. Februari 2020, dhoruba ilitupa meli ya mita 77 iitwayo Alta juu ya miamba ya Ballycotton, kusini mwa Ireland. Ndani hakuna hata panya wa kutoa ushuhuda. Mizimu? Wapi! Ilikuwa inatoka Ugiriki kwenda Haiti mwaka 2018, chini ya bendera ya Tanzania, mashini ikafa katikati ya Atlantiki. Wamarekani wakawaokoa mabaharia kumi. Meli ikabaki inazurura peke yake zaidi ya mwaka mzima, na ilipofika Ireland, mwenyewe hakujitokeza. Ndiyo biashara ilivyo: mwenye meli anakaa nchi moja, bendera inatoka nchi nyingine, mabaharia nchi ya tatu. Siku faida ikiisha, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Meli iliyoachwa ni kama mbwa aliyefukuzwa nyumbani, inakwenda tu mahali mkondo unaipeleka.

Hiyo mikondo muiweke akilini, juu kuna habari moja nataka mumalize nayo.

Tarehe 28 Mei 2021, asubuhi, wavuvi wa kisiwa cha Tobago, kule Karibi, waliona mashua nyeupe na bluu inaelea. Walipoikaribia walikuta maiti 14, zimekauka kwa jua. Hiyo ni meli ya mizimu kamili, sawa vile ingeandikwa ndani ya kitabu. Lakini umbo la mashua halikuwa la Karibi. Ilikuwa ya Mauritania. Waandishi wa shirika la habari Associated Press walifuatilia zaidi ya mwaka, wakakuta kwamba mashua ilitoka Nouadhibou usiku mmoja wa Januari 2021 ikiwa na watu 43, wengi wao vijana wa Mali, Mauritania na Senegal. Walikuwa wanakwenda visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Uhispania. Kutoka Nouadhibou ni safari ya siku chache kuelekea kaskazini. Ukivikosa, petroli ikiisha, mkondo unakugeuza kusini, halafu unakuvuta magharibi, na upepo unausaidia. Mbele yako hakuna nchi mpaka Brazili au Karibi. Miezi minne. Mwaka ule peke yake, mashua zisizopungua saba za namna hiyo zilifika upande ule. Aprili 2024 nyingine ilionekana jimbo la Pará, Brazili, na maiti tisa, na karatasi za Mali na Mauritania.

Hapa hapakuwa na tribinali ya miezi, wala prokireri wa kuchunguza madoa, wala mwandishi wa kuwapikia chai. Kilichosaidia Tobago ni kadi ya simu iliyokutwa ndani ya mashua. Polisi walitoa namba ndani yake, waandishi wakapiga moja baada ya nyingine, na mutu akapokea. Ndugu wakaeleza nguo, wakatuma picha. Kipimo cha DNA kikamthibitisha kijana mmoja. Kwa Mary Celeste tunajua majina yote kumi, hata jina la mtoto. Kwa ile mashua ya Nouadhibou wamefikia majina 33 kati ya 43. Kumi bado.